Mume wa Mchana

"Panya gani huyu?" Apisai aliuliza, kichwa na mabega yakiwa ndani ya kasha la chini ya usukani, miguu nje. "Vilimaina! Nakuuliza wewe, panya gani?"

"Panya wa kawaida. Si unawajua wa Savusavu? Wamenona kwa nazi."

Vilimaina alimjua vizuri panya huyo. Alivaa gauni, aliendesha mashua ya baba yake kuvusha watu ghuba, na asubuhi ile alikuwa ameingia na koleo akakata nyaya za redio na za kipima kina. Fundi wa umeme wa mashua pale bandarini Savusavu ni mmoja tu, Apisai, na Jumamosi hiyo Apisai alikuwa anapanda meli ya kwenda mji mkuu, Suva, kisha ndege, kwenda kufanya kazi Nyuzilandi. Wanaokwenda huko hawarudi upesi.

Mama yake Apisai na baba yake Vilimaina ni watu wa ukoo mmoja, wanaitana kaka na dada. Kwetu Fiji watoto wa watu hao ni watani, na ni utani wa kuchokozana hasa, maana wakitaka wanaweza hata kuoana. Basi tangu ujana Vilimaina alimwita "mume wangu" sokoni, kanisani, mpaka misibani. Watu walicheka, Apisai akacheka. Kumbe mwenzake alikuwa anasema kweli, ila alikuwa ameshaisema kwa kicheko miaka yote, na sasa hajui njia nyingine ya kuisema.

"Chai, mume wangu?"

"Nipe tochi kwanza, mke wangu. Na ufunge mdomo, unanichanganya."

Alimpa tochi. Vidole vyao vikagusana, akatamani tochi ile iwe na urefu wa kidole kimoja tu.

Apisai akatoka taratibu, ameshika ncha ya waya.

"Njoo uone. Panya akitafuna, mpira unachanikachanika na alama za meno zinabaki. Huu umekatwa mara moja, safi. Panya wenu ana koleo?"

"Labda amesomea ufundi."

Apisai hakucheka. "Nani aliingia humu?"

Vilimaina alitazama maji. "Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, Apisai. Nimekata mimi."

"Una wazimu? Hii ndiyo redio ya kuitia msaada! Ungetoka na abiria je?"

"Sikutoka. Wote nimewaambia wapande mashua ya Kalivati. Hii haijafunguliwa kamba leo."

"Utani umezidi, Maina. Umezidi kabisa."

"Si utani."

"Ndivyo unavyosema kila siku!"

"Nilitaka uje! Ungeondoka hivihivi, ukanipungia mkono kutoka melini kama unavyowapungia wauza samaki. Nikaona nitakufa."

Apisai aliinama akaanza kumenya waya. Alikata shaba yote iliyoanza kuwa nyeusi kwa chumvi mpaka akafika inapong'aa, akaunganisha, akavisha kimpira, akakipasha moto kikabana. Kazi anayoifanya amefumba macho, siku ile aliikosea mara mbili.

"Unajua kwa nini nakwenda?" aliuliza bila kugeuka.

"Mshahara."

"Mshahara! Nimechoka kuwa mume wa mchana, Maina. Mbele za watu mume wangu, mume wangu. Jua likizama narudi kwa mama, nakula muhogo na samaki wa kopo, naangalia dari. Nikasema niende mahali ambapo hakuna anayeniita hivyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia! Kwenye harusi ya dada yako nilisema nitakuoa mwakani. Ukaniambia nilete kwanza ng'ombe mwenye mbawa. Ukumbi mzima ukanicheka."

"Nilidhani unatania!"

"Na mimi siku zote nilidhani wewe unatania!"

Redio ikakohoa, ikawaka. Sauti ya mtu ikaanza kusoma hali ya hewa. Apisai akafunga sanduku lake la vifaa.

"Imepona," alisema.

"Niambie neno moja kabla hujashuka."

"Maneno tumeyamaliza, Maina. Kila nitakalosema utalisikia kama utani wa jana, na mimi vilevile."

Akaruka gatini. Hakuangalia nyuma.

Jioni Vilimaina alimwandikia: "Umekasirika?" Ujumbe ukasomwa. Jibu hakuna. Akaandika: "Nisamehe nyaya. Mengine siombi msamaha." Ukasomwa.

Jumamosi mchana rafiki yake Salanieta akatuma: "Nimemwona mumeo anapakia mabegi melini hahaha, vaa nyeusi, mjane wetu!"

Alikuwa jikoni anakuna nazi. Akaweka simu kifudifudi akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, naye bado anakuna.

Ndipo aliposikia baba yake, Mzee Inoke, anapaza sauti sebuleni.

"Ooo, mkwe wa sokoni! Umekuja kuaga? Mkeo yuko jikoni, mchukue uende naye, kanichosha!"

Wajomba waliokuwa mkekani wakaangua kicheko. Vilimaina akachungulia. Apisai alikaa chini, shati limenyooshwa, kichwa kimeinama, na kando yake baba yake mkubwa, Kitione. Kitione hakucheka. Alitoa kwenye mfuko jino la nyangumi lenye kamba ya kusuka, akalishika kwa mikono miwili.

Kicheko kikakatika. Nyumba hiyo ilitania hata mchungaji, lakini jino la nyangumi hutolewa kwa kifo, kwa msamaha na kwa posa, na hakuna Mfiji aliyewahi kulichezea.

"Inoke," Kitione alisema, "jino hili ni dogo, na tunaloliomba ni kubwa. Tumekuja kumwomba Vilimaina."

Inoke alimtazama kijana, akatazama mlango wa jikoni.

"Maina, hawa watu wanajua wanachofanya? Nikilipokea hili, hakuna kucheka tena."

"Wanajua, baba."

"Na wewe?"

"Lipokee, baba. Nakuomba, lipokee."

Mzee akanyoosha mikono yote miwili. Wanaume wakapiga viganja kwa pamoja, kwa uzito, ishara kwamba posa imepokewa.

Kule bandarini meli ikapiga honi.

Wanaume walipokuwa bado wanahutubiana, simu ya Vilimaina ikatetemeka. Ilikuwa ni Apisai, ukuta mmoja tu kati yao.

"Unalia?"

"Hapana. Hiyo honi ni meli yako?"

"Ndiyo. Nguo zangu zote zimo humo. Zinasafiri bila mimi."

"Sasa kesho kanisani utavaa nini?"

"Sijui. Sikufikiria mbali hivyo."

Akajifuta macho kwa mkono wenye nazi, akaandika:

"Utajifunga sulu ya baba kiunoni. Itakuishia magotini, na mimi nitakaa pembeni yako hivyohivyo."