Kilichomfanya Doria Ale Kinyesi

Mdoe na mkewe Mwaija waliishi Mnyuzi, ng'ambo ya reli. Walilima mahindi na mihogo bondeni. Kila asubuhi Mwaija aliamka kwanza. Aliswali, akafagia uwanja, akawasha moto na kubandika uji. Mdoe alikunywa uji wake amesimama, kisha akaenda shambani kabla jua halijawa kali. Mtoto wao Husna, mwenye miaka mitatu, aliamka wa mwisho.

Mwaka mmoja ngedere na nguruwe pori walimaliza mahindi yao yakiwa bado mabichi. Familia ilikula mihogo kwa miezi mingi. Mdoe hakutaka yamkute tena. Akaenda Makuyuni kwa shemeji yake, akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Alikuwa jike, mwekundu, mwenye masikio mapana. Mdoe akamwita Doria, kwa sababu alitaka akikua azunguke shamba.

Mwaija alikubali, lakini kwa masharti. Mbwa asiingie ndani, asiguse vyombo, asikaribie mkeka wa kuswalia. Kwa hiyo Mdoe alimfunga kamba kwenye mchungwa nyuma ya nyumba. Hapo Doria alikaa mchana kutwa. Hapo alikula, hapo alijisaidia, hapo alilala. Jioni alipewa ukoko wa ugali kama umebaki. Usipobaki, alilala hivyo hivyo.

Huko nyuma ya nyumba ndiko choo kilikokuwa. Mvua za masika zilikuwa zimekibomoa. Ukuta ulianguka na shimo likajaa matope. Mwaija alimkumbusha mumewe mara nyingi. Mdoe alisema atachimba kingine baada ya mavuno. Mavuno yakapita, choo hakikuchimbwa. Watu wazima wakawa wanakwenda vichakani karibu na reli. Husna alijisaidia nyuma ya migomba, hatua chache kutoka kwenye mchungwa. Mwaija hakuona ubaya. Aliamini, kama wanavyoamini wengi, kwamba kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara.

Siku moja alikwenda kukata jani la mgomba akamkuta Doria anakula kinyesi. Kilikuwa cha Husna. Mwaija alitapika pale pale. Jioni alimweleza mumewe, na Mdoe akamchapa mbwa kwa fimbo. Kesho yake Doria alikula tena, safari hii kinyesi chake mwenyewe. Akachapwa tena. Jirani mmoja akamshauri Mdoe ampake pilipili puani. Doria alilia na kujikuna uso kwenye mchanga mpaka jua likazama. Hata hivyo hakuacha. Ila sasa alikuwa akisikia mtu anakuja, anameza haraka na kujificha nyuma ya mti.

Mdoe alisema mbwa huyo kazaliwa na tabia chafu. Mwaija naye aliamini hivyo. Husna peke yake ndiye aliyempenda. Alikaa naye chini ya mchungwa, akamkumbatia, na Doria akamlamba mikono na mashavu.

Baada ya muda Husna akaanza kudhoofika. Tumbo lilijaa, miguu ikawa myembamba. Aliharisha, akakataa chakula. Mwaija alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Walimpima na kumkuta na minyoo mingi na upungufu wa damu. Muuguzi aliuliza kama nyumbani wana choo. Mwaija aliona aibu, akajibu kwamba wanacho. Muuguzi akauliza kama wana mnyama anayecheza na mtoto. Mwaija akamtaja mbwa, na kile anachokula. Muuguzi akampa dawa na kumwonya asimwache mbwa amlambe mtoto usoni.

Nyumbani, Mdoe aliuliza mtoto ana nini. Mwaija alikuwa amechoka. Angeweza kusema yote aliyoulizwa. Alisema nusu tu.

"Ni minyoo," alisema. "Wanasema mbwa asimlambe."

Mdoe hakusubiri zaidi. Alichukua mpini wa jembe na kwenda nyuma ya nyumba. Doria alikuwa nyuma ya migomba, kamba imenyooka, mdomo umechafuka. Mdoe alimpiga mara moja tu. Mwaija alisikia mfupa ukivunjika akiwa jikoni. Alipotoka, Husna alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameona kila kitu. Mtoto hakulia. Alimtazama baba yake tu.

Mdoe alisema atakwenda kumtupa mbwa huko relini. Mwaija akamwambia asubiri kidogo. Alijua kwamba Loyce, afisa mifugo wa kata, alikuwa kijijini akichanja mbwa dhidi ya kichaa. Akaenda kumtafuta, akamkuta karibu na stesheni, wakarudi pamoja.

Loyce alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Aliamkiana nao, akapiga magoti chini ya mchungwa. Alimpapasa Doria mguu wa mbele, akaufunga kwa vipande vya mwanzi na kitambaa. Alisema mguu utaunga, lakini hautanyooka sawasawa. Kisha akauliza nani amempiga na kwa nini. Mdoe akamweleza bila kuficha.

Loyce aliinuka. Alizunguka hapo nyuma ya nyumba. Aliona shimo la choo lililojaa matope. Aliona migomba na kilichokuwa chini yake. Akarudi.

"Baba Husna, huyu anakula mara ngapi kwa siku?"

"Jioni. Kikibaki."

"Mtoto wa mbwa wa umri huu anahitaji kula mara tatu. Huyu ana njaa. Nimemshika mbavu zote. Na tumbo hili ni la minyoo, inamnyang'anya hata hicho kidogo anachopata."

Mdoe alisema njaa si sababu ya kula uchafu.

"Kwake si uchafu," Loyce alijibu. "Kina harufu ya chakula, na kipo mbele yake. Mbwa wadogo wengi hujaribu, hata walioshiba, na wengi huacha wakikua. Lakini huyu mmemfunga mahali pamoja na kinyesi chake, na kamba inafika kwenye kinyesi cha mtoto. Mlitaka afanye nini?"

Aliendelea kueleza taratibu. Fimbo haikumfundisha Doria kuacha. Ilimfundisha kumeza haraka na kuogopa watu. Pilipili nayo ilimuumiza bure. Kumkimbiza pia hakusaidii, maana mbwa hudhani mtu anataka kumpora, naye huwahi kumeza.

Mwaija aliuliza kama ni kweli mbwa ndiye aliyemwambukiza mtoto.

"Mbwa akila kinyesi, mayai ya minyoo na vijidudu hubaki mdomoni mwake," Loyce alisema. "Akimlamba mtoto, humpa. Kinyesi chake mwenyewe pia kina mayai ya minyoo, na yakichanganyika na udongo, mtoto huyabeba mikononi. Hayo ni kweli. Lakini kinyesi alichokila ni cha nani, mama? Mbwa hakukileta. Amekikuta hapa. Na kinyesi cha mtoto mdogo kina madhara kama cha mtu mzima, hata pasipo mbwa. Nzi hukifikia, kuku hukichakura, mvua hukisambaza."

Mwaija aliinamisha kichwa. Ndipo akaeleza lile swali la zahanati, na jibu alilotoa. Mdoe alimgeukia.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua hatuna choo," Mwaija alisema. "Na wewe ulijua."



Loyce hakutaka kuondoka kabla hajawaelekeza. Alisema kazi ya kwanza ni choo, na mpaka kitakapokuwa tayari, Husna atumie poti, na kinyesi kifukiwe mara moja, kwenye shimo refu. Kinyesi cha mbwa nacho kizolewe kwa koleo kila kinapoonekana, kifukiwe mbali na nyumba. Asichokikuta hawezi kukila. Doria apewe chakula asubuhi, mchana na jioni, ugali uliochanganywa na dagaa au utumbo uliopikwa. Apewe dawa ya minyoo ya mbwa kulingana na uzito wake, irudiwe kama atakavyoelekeza mtaalamu, wala wasimpe dawa ya watu. Asifungwe kutwa nzima. Na wote wanawe mikono kwa sabuni, baada ya kumshika mbwa, baada ya choo na kabla ya kula.

Mwisho aliwafundisha neno moja. Alishika dagaa mkononi. Doria aliponusa jani chafu, Loyce akasema, "Acha," kwa sauti ya kawaida, akamwonyesha dagaa. Doria akageuka. Akapewa, akasifiwa. Loyce alisema wafanye hivyo kila siku, bila hasira. Kama anakula vizuri, ametibiwa minyoo na bado haachi, wamwite, maana huenda kuna ugonjwa mwingine.

Dawa waliipata Korogwe mjini, kwenye duka la dawa za mifugo. Mdoe alichimba choo peke yake. Alichimba asubuhi na jioni. Mwaija alimpelekea maji shimoni, naye aliyapokea bila kuinua uso. Ukuta ulijengwa kwa tofali za udongo, shimo likawekewa mfuniko. Husna alinunuliwa poti, na Mwaija akaimwaga chooni kila ilipotumika.

Doria hakuacha siku moja. Mwanzoni alirudi migombani kunusa, akakuta udongo mtupu. Mara nyingine alikiwahi kinyesi chake, na Mwaija akalazimika kujizuia asirushe kitu. Alisema "acha" na kutoa dagaa. Polepole mbwa akanenepa, manyoya yakang'aa. Ikafika wakati akawa anapita kando ya uchafu bila kuutazama. Husna naye akapona. Alirudi kukimbia uwanjani, na kila baada ya kucheza na mbwa alipelekwa kunawa.

Msimu uliofuata Doria alilala shambani na kubweka usiku. Ngedere wakahamia kwingine, nguruwe pori hawakuvuka kijito cha bondeni. Mahindi yalikomaa na kukaukia shambani bila kuliwa, na Mwaija akayaanika uwanjani mwake. Ilikuwa imepita miaka tangu auone uwanja umejaa hivyo.

Mguu wa Doria ulibaki umepinda. Humfuata Mwaija kisimani na Husna popote aendako. Kwa Mdoe haendi. Mdoe ndiye anayempikia sasa, tangu siku alipomvunja mguu, wala hakuambiwa na mtu. Humchanganyia ugali na dagaa, humwekea chini ya mchungwa, humwita jina lake kwa upole. Doria hulala kifudifudi, masikio yamebanwa nyuma, anatetemeka. Hagusi chakula mpaka Mdoe aondoke. Basi Mdoe huenda upande wa pili wa nyumba, akasimama ukutani, akasikiliza mpaka mbwa atakapoanza kula.