Siku ya Kuvalisha Viti kwa Rodah

Majirani zangu wa Sosiot, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali, nitegeeni sikio. Mwaka jana kilima chetu kilikuwa na amani ya kuonewa wivu. Kila Alhamisi mchana, majani ya chai yakishapimwa kituoni, wanawake wa Kikundi cha Uzi Mmoja walikusanyika barazani kwa Jerusa, kila mmoja na sindano yake na fremu yake ya mbao. Kazi yetu ilikuwa kudarizi vitambaa vya viti. Nasema yetu kwa sababu mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nikisifu kupita kiasi mnivumilie.

Jerusa, tunayemwita mama Oyugi, alikuja huku kutoka upande wa ziwa mumewe alipoandikwa kazi kiwandani, na ndiye aliyetufundisha. Mpango wake ulikuwa rahisi. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, na mwaka una miezi kumi na miwili. Kila mwezi sote tunashonea nyumba moja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaenda kwa mwenye zamu kuvalisha viti vyake vitambaa vipya, tunaimba, tunaomba, tunakunywa chai na mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, halafu kila mtu anarudi kukamua ng'ombe wake. Watu waliokuwa hawajui hata kutunga uzi sindanoni walianza kutoa majani ya chai kwenye kitambaa, mawili na chipukizi lake, hadi ukatamani kuyachuma. Jamani, mikono ya wanawake hawa!

Aliyekuwa hodari kutushinda sote ni Rodah, mama Kipkurui. Zamu yake ilikuwa mwezi wa nne.

Lakini shetani hana likizo. Mumewe Rodah, Bethwel, alikuwa mkulima mzuri, chai yake haikuwa na gugu hata moja. Akaingia kwenye kamari ya simu, ule mchezo wa ndege inayopaa nawe unasubiri uone kama utaruka kabla haijaanguka. Ilianza kula pesa ya maziwa, ikahamia pesa ya mbolea. Alhamisi moja mwezi wa tatu, Rodah akiwa kwetu anashona, mfanyabiashara kutoka Mulot alifika kwake na pikapu, akapakia viti vyote vya sebuleni pamoja na meza. Rodah aliporudi alikuta sakafu tupu.

"Baba Kipkurui, viti ziko wapi?"

"Nimeuza kwa muda kidogo tu," Bethwel alisema, macho kwenye simu. "Wiki ijayo naleta zingine nzuri kuliko hizo."

Wiki ijayo, ndugu zangu. Mcheza kamari hana siku nyingine kwenye kalenda yake.

Ningekuwa mimi ningepiga nduru kilima kizima kisikie. Rodah alinyamaza. Ametupa ruhusa tuseme kwa nini: kikundini ndipo mahali pekee alipoheshimika, na aliogopa kwamba siku tukiijua hiyo sebule, tutamwonea huruma badala ya kumwonea fahari. Basi mwezi wa nne ulipofika alisema, "Mpeni Chepngeno zamu yangu, yeye ana wageni wa harusi." Mwezi uliofuata akampisha mwingine, na mwingine tena. Sisi tukamsifu. Tulisema huyu ana moyo mkubwa, angalieni anavyotanguliza wenzake. Kumbe nyumbani alikuwa anafunga mlango wa sebule na kukaribisha wageni jikoni, akidai ukuta unapakwa rangi. Rangi gani haikauki toka masika hadi vuli?

Mwezi wa kumi ulipoingia, Jerusa alimwambia mbele yetu sote, "Mama Kipkurui, umengoja sana. Desemba ni yako, na tutakufanyia kitu ya kushangaza watu. Wiki hii tunakuja kupima viti."

Rodah alijibu haraka. "Msisumbuke kuja. Viti mpya ziko kwa fundi. Ni kubwa, za watu saba. Nitaleta vipimo mwenyewe."

Mnaona? Uongo wa kwanza ulimlazimisha kuzaa wa pili. Siku hiyohiyo alishuka hadi kwa seremala wa kando ya barabara, akajifanya mnunuzi, akapima makochi yaliyopangwa nje kwa kipande cha uzi. Seremala akamuuliza, "Mama, tukufungie hii?" Akajibu kwamba bado anaangalia.

Tulifurahi kupita maelezo. Tulinunua kitambaa kipana na nyuzi za rangi tatu za kijani, tukaanza mapema kwa sababu kazi ilikuwa kubwa. Majuma yote hayo Rodah alikaa katikati yetu akidarizi vitambaa vya viti visivyokuwepo. Hebu fikiria ulivyo mzigo huo, kusifiwa mshono wako na kila sifa inakuchoma.

Alhamisi ya mwisho Chepngeno, mama yetu mzee, alikuwa anamalizia pindo la kitambaa kikubwa kuliko vyote. Macho yake hutoa machozi akishona sana. Akayafuta kwa leso, akasema, "Hii ikiisha nitapumzisha macho. Lakini kwa mama Kipkurui sijuti. Yeye alinipa zamu yake."

Rodah aliweka fremu chini.

"Mama, wacha kushona," alisema. "Hakuna viti."

"Si ziko kwa fundi?"

"Hakuna fundi. Bethwel aliuza viti zote mwezi wa tatu akaweka kwa kamari. Nimewadanganya."

Chepngeno alikasirika, na sitaificha hasira yake. "Kwa hivyo nimeumiza macho yangu bure?" aliuliza. Halafu akaweka kitambaa kando. "Ungeniambia mwezi wa tatu, si ningekuja nikae na wewe hapo chini kwa sakafu?" Akalia, na Rodah akalia, nasi wengine tukawafuata.

Jerusa aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Jumamosi tunaenda. Zamu ni zamu. Kila mtu atabeba kiti yake kutoka nyumbani. Lakini tutapita barabarani, na watu wataona na watauliza. Mama Kipkurui, ukikataa, hatuji."

Rodah aliokota fremu yake. "Waone," alisema. "Mimi nimechoka kufunga mlango."

Jumamosi hiyo tulipanda kilima katikati ya mashamba ya chai, kila mwanamke na kiti kichwani, wengine vya plastiki, wengine vigoda vya babu zao. Wachumaji walisimama kutushangaa. Bethwel alikuwa langoni na simu yake mkononi. Alipotuona alitaka kupita upande wa zizi, lakini Jerusa alimsalimia kwa heshima na kumwambia aingie, mgeni hawezi kukaribishwa na nyumba isiyo na baba. Tukavalisha viti vyetu vitambaa vya Rodah. Vilikuwa vikubwa mno, vinaburuta sakafuni, na tulicheka hadi Rodah mwenyewe akacheka. Chepngeno alimpa Bethwel kiti chake na kikombe cha chai. Hakuna aliyemhubiria. Tuliimba, tukaomba, tukala.

Halafu tulikunja vitambaa, tukamkabidhi Rodah, na kila mtu akabeba kiti chake.

"Samahani, baba Kipkurui," Chepngeno alimwambia. "Naomba kiti yangu."

Bethwel aliinuka. Aliangalia sebule inavyokuwa tupu. "Mnaenda na zote?" aliuliza.

"Hizi ni zetu," Jerusa alisema. "Zako wewe ndiye unajua ziko wapi."

Tulimwacha amesimama katikati ya sakafu ile. Rodah anasema mumewe alisimama hapo muda mrefu, kisha akamletea ile simu na kumwambia, "Shika wewe. Mimi siwezi." Tangu siku hiyo laini ya simu inayopokea malipo ya chai iko kwa Rodah. Bethwel huenda kila wiki kukaa na wazee wa kanisa na wanaume wenzake waliochomwa na moto huohuo. Mara moja alirudia, akaazima simu ya jirani; mara hii Rodah hakungoja, alituambia kesho yake. Sisemi amepona. Nasema anapigana, na mkewe hapigani peke yake.

FUNZO

Kamari haimli anayecheza peke yake. Hula kiti cha mke na kitabu cha mtoto, na mchezaji ndiye wa mwisho kuona. Enyi wanaume, msiseme wiki ijayo. Nanyi kina mama, wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kilio humfichua. Rodah aliumia viti vyake vilipouzwa, lakini aliumia zaidi kwa miezi ile aliyofunga mlango, na wenzake waliompenda wako hatua chache tu. Nasi tulio kwenye vikundi tujifunze kuuliza mwenzetu anapopisha zamu yake mara kwa mara. Tusimsifu tu tukapita.

Kama leo ni wewe unayepokea wageni jikoni, fungua mlango wa sebule. Tutakuja na viti vyetu.