Minembwe, Minembwe, Hapa Baraka

—Gentille, kaa kwanza. Neno nitakuambia, haliko la kusikia umesimama.

Isidore alivua casque masikioni, akailaza juu ya meza kando ya mashine ya phonie. Gentille hakukaa. Alikuwa ametoka kuogelea, maji ya ziwa yangali yanamchuruzika shingoni.

—Sema tu.

—Ule kijana yako wa Minembwe, Ganza. Aliita hapa jana. Alisema nikuambie usimungoje tena. Alioa.

—Jana? Jana ilikuwa Jumapili.

—Ndiyo, Jumapili, nyuma ya misa ya kwanza. Nilikuwa hapa peke yangu.

—Alioa nani?

—Binti wa kwabo, wa kule juu. We ulifikiri nini? Ng'ombe zabo zitashuka mpaka huku kunywa maji ya ziwa?

Wale waliokaa kwenye benchi kungoja zamu wakageuka kumtazama. Mama mmoja mwenye kapu la ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasema polepole, —Pole, mama. Gentille akatoka. Alifika hadi kwenye kinga, baiskeli yake, akashika usukani, akasahau kwamba kinga hupandwa. Akaisukuma tu kwa miguu mpaka nyumbani.

Ulikuwa mwaka wa 2003. Wakubwa walikuwa wametia saini ya amani kule mbali, wakapiga picha, wakala. Huku Fizi na Baraka ile amani ilikuwa haijapata gari la kuileta, na watu wa milimani na wa ziwani walikuwa bado wanaogopana. Simu hazikuwepo. Mtu akitaka kusema na ndugu yake wa milimani alikwenda kwenye phonie: redio, betri ya gari, na kipaza sauti cha kubonyeza. Ukimaliza kusema unatamka "à vous", ndipo mwenzako ajibu. Na benchi lote linasikia. Isidore ndiye aliyekuwa mwenye phonie ya karibu na soko, na kila mapenzi ya Baraka yalipita kwenye vidole vyake.

Gentille alikuwa binti wa Casimir, mvuvi. Siku za soko alipakia samaki na chumvi kwenye kinga, akapanda mpaka Lubondja, akarudi na madumu ya mawese, bidoni tunavyoziita. Ni kule Lubondja alikokutana na Ganza, aliyeshuka na shangazi yake kuuza siagi ya ng'ombe. Ganza alimkuta akihema, amelala juu ya usukani katikati ya mpando.

—Dada, unapigana na kilima. Kilima kilikufanya nini?

—Na we unacheka nini? Saidia kusukuma!

Akasaidia. Soko lililofuata akasaidia tena. Halafu akashuka mpaka Baraka, Gentille akamwingiza ziwani kumfundisha kuelea. Ganza akameza maji, akatoka akikohoa, macho mekundu.

—Kumbe hili ziwa lenu halina chumvi!

—Unakunywa ziwa mzima ndiyo ujue?

Hapo ndipo ilipoanza.

Mwaka huo mwalimu Jérémie, aliyesoma Bujumbura, alianzisha mashindano. Yeye aliyaita triathlon, lakini nani angeweza kulitamka lile neno? Watu wakayaita Maji-Kinga-Miguu. Unaogelea mpaka kwenye bidoni zinazoelea, unarudi, unapanda kinga mpaka kwenye barrière, kizuizi cha askari njia ya Fizi, unarudi, kisha unakimbia kwa miguu kupitia kilima cha nyuma ya mji. Mara tatu: Juni, Julai, Agosti. Mbio mbili za kwanza zilikuwa za kujipima, ile ya mwisho ndiyo ya zawadi. Atakayeshinda upande wa wasichana atapewa kinga mpya, na jina lake litasomwa mbele ya watu wote.

Mwezi wa Juni Gentille alitoka majini wa kwanza, akashuka kwenye kinga wa kwanza. Akafika wa sita. Vijana wa sokoni walikuwa wakipiga kelele:

—Samaki anatembea! Muangalie samaki anatembea!

Julai akawa wa pili, nyuma ya Florentine, binti mwenye miguu mirefu kama korongo. Jumatatu yake akaenda phonie.

—Minembwe, hapa Baraka. Nilishindwa na Florentine. À vous.

—Baraka, nakusikia. Kwenye kilima ulifanya nini? À vous.

—Nilikimbia! Si ni mbio, ningefanya nini? À vous.

—Njo makosa ile. Ng'ombe haipandake kilima na mbio. Inapanda polepole, inafika juu na pumzi ya kuteremukia. Hatua ndogo, macho chini, usiangalie kilima usoni. À vous.

—Na moyo? À vous.

Benchi likaguna kwa kicheko.

—Moyo nilishaachaka huko Baraka. Mi niko huku na mapafu tu. À vous.

Benchi likapasuka. Mtu mmoja tu hakucheka, na huyo ndiye aliyeshika kipaza sauti. Wiki mbili baadaye ndipo alipomwambia Gentille akae.

Casimir alikuwa anashona wavu mlangoni alipomwona binti yake anakuja anasukuma kinga isiyopasuka tairi.

—Mama, nini?

Alimwita hivyo tangu mke wake afe, maana hakubaki na mwingine wa kumwita.

—Ganza alioa, papa.

Casimir akapitisha sindano ya wavu mara mbili, tatu.

—Nani alisema?

—Isidore. Na sasa Isidore mwenyewe ananitaka. Alishatuma muntu kwangu tangu wiki iliyopita.

—Na we?

—Mbio ya tatu ikiisha, balete mbuzi zabo za mahari. Nilichoka kukaa kwenye benchi ya phonie.

—Mi sitakulazimisha, mama. Sitakukataza pia. Lakini muntu anaoaka kwa furaha, haoake kwa hasira.

—Hasira njo niko nayo leo, papa.

Mzee akainamia wavu. Mwaka wa tisini na tisa mke wake alishikwa na tumbo. Hospitali iliyoweza kumpasua ilikuwa mji mwingine, safari ya boti tu. Lakini wenye bunduki walikuwa wamefunga ziwa. Boti zililala mchangani siku nne, kamanda amekaa kwenye kiti anakunywa bia, anasema amri imetoka juu. Huko juu hakukuwa na mtu aliyemjua mama Gentille. Siku ya tano hakukuwa tena na haja ya boti.

Basi Gentille akafanya mazoezi kwa ile hasira. Kila alfajiri aliogelea mpaka wavuvi wanaorudi wakamzoea, wakawa wanamtania, —We, ukipita karibu tena tutakuvua! Mchana bidoni mbili za mawese nyuma ya kinga, Lubondja na kurudi. Jioni kilima. Alikataa kufuata maneno ya Ganza, akakipanda kwa mbio, akatapika. Siku ya nne akasema moyoni: mwanaume ni mwongo, lakini ng'ombe hakunidanganya. Akaanza hatua ndogo.

Agosti ikafika. Uwanja ulijaa. Isidore, kwa kuwa alijua kusema, alipewa mégaphone ya kutangaza. Kando ya jukwaa wajomba zake walikuwa wamefunga mbuzi sita kwenye mti, na shingoni mwa mmoja wamevalisha utepe.

—Wasichana kumi na moja! —alinguruma kwenye mégaphone—. Na mumoja wabo, jioni hii, atatoka hapa bibi ya muntu! Sitaji jina!

Watu wakaangalia mbuzi, wakaangalia Gentille.

—Usitetemeke, samaki —Florentine akamwambia, anajifunga nywele—. Leo utakula mbuzi hata ukishindwa.

Filimbi ikalia. Gentille akaingia majini kama mtu anayerudi kwake. Upepo wa kusini ulikuwa umeinua mawimbi, wenzake wakapigana nayo. Yeye aliyapita chini, kama baba yake alivyomfundisha wakiwa wanatega nyavu. Akatoka wa kwanza, dakika nne mbele. Akaruka juu ya kinga.

Kinga yake haikuwa na breki. Breki ilikuwa ndala ya mguu wa kuume ikikandamizwa kwenye tairi. Akafika kwenye barrière, ile kamba chafu iliyofungwa katikati ya njia, mahali pa kugeukia. Upande wa pili walikuwa wamezuiwa wanawake wa milimani na mizigo yao, eti mpaka mbio zipite. Wakubwa wetu hawakosi sababu ya kufunga kitu.

—Gentille! Mutoto wangu!

Ilikuwa shangazi yake Ganza, mama Nyiransabimana, na kibuyu cha siagi mgongoni. Gentille akakandamiza ndala, vumbi likaruka.

—Mama, sema ukweli. Ganza alioa nani?

—Alioa? Yesu wangu! Alioa lini?

—Isidore aliniambia. Aliita kwa phonie siku ya Jumapili, nyuma ya misa.

Mama yule akaacha mdomo wazi, kisha akapiga makofi ya mshangao.

—Jumapili? Pasteur wetu anafungaka phonie Jumamosi jioni, anatia ufunguo ndani ya koti mpaka Jumatatu. Hata muntu akufe, habari yake inangoja Jumatatu. Sasa Jumapili aliongea nani, shetani?

Florentine akafika, akageuka, akaondoka bila kuangalia nyuma. Mwingine akafuata.

—Ganza iko wapi, mama?

—Alishapita tangu asubuhi na mapema, anakuja kwako! Alichoka kuita. Kila akiita, ule mwanaume anajibu: haiko, iko kwa bashemeji zake. Nyumbani tulimwambia, utauawa njiani. Hakusikia. Panda kinga! Unasimama hapa unangoja nini?

Askari wa barrière alicheka. —Dada, mapenzi itakufanya ushindwe mbio!

—Itanifanya nishinde! —Gentille akajibu, na kinga ikaondoka.

Aliteremka bila kukanyaga ndala hata mara moja. Akamkuta yule wa pili, akampita. Lakini Florentine alikuwa na kinga ya breki mbili na meno mengi, akatupa kinga chini na kuanza kukimbia Gentille angali mbali, kama urefu wa soko zima.

Kilima. Florentine alikuwa juu, mgongo wake mdogo, anakimbia. Gentille akainamisha macho. Hatua ndogo. Vijana wakaanza wimbo wao, —Samaki anatembea! —lakini mmoja akanyamaza, halafu wote. Samaki alikuwa anakaribia. Kileleni Florentine alishika kiuno. Gentille akampita akiwa na pumzi ya kusema:

—Pole, dada.

—Toka hapa na pole yako! —Florentine akahema.

Na pale chini, pembeni ya njia, kati ya watu, akatokea mtu mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye kope, viatu vimekatika. Akaanza kukimbia sambamba naye, nje ya mstari.

—Sikuoa! —alipiga kelele.

—Najua!

—Nani alikuambia?

—Nyamaza, nakimbia!

Watu wote wa njiani wakacheka wakiwa wanashangilia. Gentille akaingia uwanjani peke yake, mikono juu, akaikata kamba. Baraka ikanguruma. Wavuvi wakapiga makasia kwenye mabati.

Isidore hakuwa ameona aliyeko nyuma. Akainua mégaphone.

—Mushindi, Gentille binti Casimir! Na bibi yangu wa—

—Lete hiyo kitu.

Akamnyang'anya mégaphone. Bado alikuwa anahema, lakini sauti ilitoka nzima.

—Isidore, mbele ya hawa bantu. Uliniambia Ganza alioa. Siku gani aliita?

—Gentille, si hapa...

—Siku gani?

—Jumapili —akasema—. Nyuma ya misa. Unajua vizuri.

 Mama mmoja mzee wa kanisa la Kiprotestanti, mbele kabisa, akaanza kucheka huku anajishika mbavu.

—Jumapili? Phonie ya kule juu? Shee! Mutoto, hiyo yabo inafungwaka Jumapili! Hata mi mwenyewe nilipofiwa na dada walingoja Jumatatu!

Kicheko kikatembea uwanja mzima kama moto wa nyasi. Isidore akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akamwona Ganza.

—Nilikupenda —akasema chini chini.

—Ungesema hivyo tu —Gentille akamjibu—. Ningekukatalia na heshima.

Wajomba walikuwa tayari wanafungua mbuzi. Yule mwenye utepe akagoma kuondoka, wakamvuta kwa masikio, na vijana wakapata wimbo mpya papo hapo.

Ndipo Casimir akasogea.  Ganza akainama, akampa mkono wa kuume akiushika kwa wa kushoto.

—We njo ule wa Minembwe?

—Ndiyo, papa.

—Ulipita barrière ngapi?

—Tano, papa.

—Hawakukupiga?

—Kwa mbili, papa. Si sana.

Casimir akatazama ziwa. 

—Mama ya huyu mutoto alishindwa kupita moja. Bakubwa ba hii inchi wanajua kazi moja tu, kufunga. Wanafunga ziwa, wanafunga barabara, wanafunga mpaka tumbo. Mi siwezi kuwa mukubwa mwingine wa kufunga mulango. —Akamshika Ganza bega—. Unajua kuogelea?

—Kidogo, papa. Nilikunywa ziwa sana.

—Kesho asubuhi uje. Mukwe wangu hatazama majini mbele ya bavuvi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Ganza akameza maji tena. Jumatatu asubuhi wakaenda phonie, Baraka nzima nyuma yao, benchi halikutosha. Isidore hakuonekana, dada yake ndiye aliyeshika mashine, macho chini.

—Minembwe, Minembwe, hapa Baraka. À vous.

Redio ikakwaruza. Sauti ya mama yake Ganza ikatoka mbali, inalia na kucheka: mutoto wangu mzima? Hawakumuua? Binti mwenyewe iko? Baba yake anasema nini? À vous.

Ganza akamtazama Casimir. Mzee hakuwahi kushika kipaza sauti maishani mwake. Akakipokea kwa mikono miwili kama samaki anayeteleza, akabonyeza, akakaribisha mdomo mno.

—Mama, hapa ni Casimir wa Baraka. Mulango uko wazi. Leteni ng'ombe.

Akaachia. Gentille akamgusa kiwiko, akamnong'oneza. Akabonyeza tena.

—À vous!