Jini Mpenda Sukari

Jambo lilianza na sindano. Mke wa dobi, fundi cherehani aliyeweza kutunga uzi huku akimsengenya jirani, aliupeleka uzi pembeni kabisa ya tundu.

"Leo sindano ina matundu mawili," alisema.

Dobi akacheka. Kumbe anaucheka msiba wake.

Mimba ilikuwa changa, na kutapika hakukumpa nafasi ya kupumua. Hata maji hayakukaa. Wiki zikapita, mashavu yakabonyea, kisha macho yakaanza kucheza yenyewe, kushoto, kulia, miguu ikawa inapepesuka, na siku moja mchana kweupe dobi akamsikia anapiga soga na kona ya chumba isiyokuwa na mtu.

"Unaongea na nani, mke wangu?"

"Mgeni. Anasema ana kiu."

Mama yake dobi akamvuta mwanawe mlangoni. "Huyo ni jini, mwanangu," alinong'ona. "Majini hupenda kitamu. Mpe sukari ashibe, aende zake."

Mfa maji haachi kutapatapa. Dobi akakoroga maji ya sukari, akamnywesha mkewe kijiko kwa kijiko, na kila kilichobaki tumboni kilizidi kumpoteza, maana sasa alimwita mama mkwe kwa jina la marehemu dada yake, na uchachu wa matapishi ulimfuata dobi hadi kwenye mashuka ya wateja, na kona ile, dobi mwenyewe aliapa, ilikuwa inapumua.

"Mama, anaisha!"

"Ongeza sukari."

Asubuhi aliposhindwa kuamka, dobi alimbeba mgongoni hadi zahanati, akilia barabarani bila haya.

"Amekula nini?" mkunga aliuliza.

"Sukari na maji tu. Wiki nzima."

Mkunga akashika kichwa. "Baba, kutapika kumemmalizia vitamini. Sukari nayo huhitaji vitamini hiyo mwilini, imetumia hata chembe iliyobaki. Ubongo una njaa!"

Akamdunga vitamini kwanza, ndipo akamtundikia dripu.

Siku ya tatu macho yalitulia. Mimba ilikuwa salama. Mama yake dobi akapiga vigelegele kwamba jini katoka.

Mgonjwa akamtazama dobi kwa upole. "Karibu. Mume wangu anarudi sasa hivi."

"Ndiye mimi, mke wangu. Mimi hapa."

"Ahaa!" Akatabasamu, akamshika mkono, akageukia ukuta kidogo. Alipomgeukia tena, uso ulikuwa mweupe kama shuka lililofuliwa, hauna hata doa la kumbukumbu.

"Karibu, mgeni," alisema. "Una kiu?"