Aliyeitwa Mara Tatu

Dada yangu Eunike alishika kamera Dar es Salaam miaka mingi, akapiga mafuriko, misiba na mikutano ya siasa, kisha akarudi Moshi kufundisha. Chuo chenyewe ni kidogo. Anafundisha vijana kutengeneza vipindi vya televisheni vya mambo ya kweli, vile visivyo na waigizaji. Si mtu wa kuamini mizimu. Haya ninayoyasimulia aliniambia mara moja tu, tukiwa jikoni kwangu, na tangu siku hiyo nikiyagusia hunyanyuka akaondoka.

Ilikuwa siku ya kawaida ya mazoezi. Asubuhi aliwapakia wanafunzi wawili kwenye gari lake wakapanda Kirua Vunjo, kwa Bibi Margareta, mjane anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Davis alikuwa wa kamera, kijana mwenye jicho zuri na haraka nyingi. Kindness, binti wa Marangu, alikuwa wa sauti. Ndizi zikichemka walishazipiga picha, na ulezi ukisagwa pia. Sasa pombe ilikuwa imeiva, na kilichobaki ni kata ya kwanza, ile wanayomwagiwa wazee waliokufa.

Njiani Eunike aliwarudia somo lake. "Usimwambie mtu afanye kitu kwa ajili ya kamera. Akikifanya, kipige. Kikikupita, kimekupita."

"Sawa, madam," Davis akajibu, macho yakiwa kwenye simu.

Bibi Margareta aliwapokea kwa furaha. Wakamwamkia shikamoo, akawaitikia, akawapa ndizi za kuchoma. Kindness akambania maikrofoni ndogo kwenye khanga, akavaa hedifoni. Wakati huo huo honi ikalia njiani. Pikapu ya maziwa ilikuwa imeshindwa kupita kwa sababu ya gari la Eunike. Akatoka kwenda kulisogeza.

Bibi hakumsubiri. Alichota mbege kwa kata ya kibuyu, akaenda hadi penye masale, ile mimea tunayoipanda Uchagani mipakani na makaburini. Akamwaga kidogo kidogo, akiwaita wazee wa nyumba yake. Baba mkwe. Mama mkwe. Marehemu mumewe. Mwisho, kwa sauti ya chini, akamtaja shemeji yake, Ndelilio. Kisha akageuka.

"Bibi, samahani," Davis akasema. "Wingu limepita, picha imeingia giza. Naomba turudie."

Bibi akasita. "Hao wengine hawana neno, mjukuu wangu. Huyu wa mwisho haitwi mara mbili."

"Ni kwa ajili ya kipindi tu, Bibi. Siyo kweli kweli."

Bibi alikuwa anaishi peke yake, na vijana walikuwa wamemchangamsha. Akarudi penye masale. Kata ilikuwa tupu. Akaiinamisha hivyo hivyo, akaita majina yote.

"Safi. Sasa mara moja ya mwisho, nikupige karibu. Nataka mdomo tu."

Akaita tena. Alipofika kwenye jina la Ndelilio, Kindness akainua mkono.

"Subirini. Kuna mtu anatembea."

Davis akasikiliza. Hakusikia kitu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na hakuna jani lililotikisika.

"Wapi?"

"Huko chini. Anakuja." Kindness akavua hedifoni, akasikiliza kwa masikio yake, akazivaa tena. "Nikivua, hayupo."

Alikuwa anasikia nyasi kavu zikivunjika, kama mtu anayekatiza mbuga wakati wa kiangazi. Pale kihambani, kwenye shamba la migomba la Bibi, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Chini kulikuwa na matope matupu.

Eunike aliporudi aliwakuta wamesimama wakitazama migombani. Kindness alikuwa analia, akionyesha hedifoni. Eunike alidhani ni waya mbovu. Akazichukua hedifoni, akazivaa.

Hatua. Nzito, za mtu aliyechoka. Zikasogea. Zikasimama.

Kisha pumzi. Kisha sauti ya mwanamume mzima, karibu sana, ikisema Kichaga cha Vunjo.

"Mmeniita. Nikae wapi?"

Eunike akanyoosha mkono kuzima kinasa sauti. Bibi akamshika kiganja.

"Usizime. Ukizima hatutajua yuko wapi."

Akawaeleza kwa kunong'ona. Ndelilio alishuka tambarare zamani kuchunga ng'ombe wa watu, akafia huko. Mwili haukuonekana. Hana kaburi kihambani. "Tunamtaja mara moja tu, asione amesahauliwa. Akiitwa sana, atataka pa kukaa. Na mimi nitakayempa nafasi ni nani? Nipo peke yangu."

"Tufanyeje, mama?" Eunike akauliza. Alisema hata yeye alishangaa kusikia swali hilo likitoka kinywani mwake.

"Mgeni husindikizwa. Aliyetaka aitwe ndiye atakayetangulia." Bibi akaijaza kata, safari hii mbege yenyewe, akampa Davis. "Ukifika kwenye masale ya mpakani, mwaga, muage. Muage tu. Usimkaribishe."

Wakaanza kushuka. Davis mbele na kata. Bibi. Eunike. Kindness nyuma, hedifoni masikioni, kinasa sauti kifuani.

"Anakuja?" Bibi akauliza bila kugeuka.

"Anakuja."

Njia ilikuwa nyembamba. Ukungu ulikuwa umefunga. Eunike hakuona zaidi ya mgongo wa Bibi.

"Amenipita," Kindness akanong'ona.

Wakatembea.

"Yuko nyuma ya madam."

Eunike hakusikia hatua. Alisikia harufu. Vumbi. Ng'ombe. Jua kali. Pale, kwenye baridi ile.

"Amempita madam."

Bibi alianza kusali rozari kwa midomo tu.

"Amempita Bibi. Yuko na Davis. Wako sambamba."

Mbege ilianza kumwagikia viatu vya Davis. Lakini alifika. Akainama penye masale, akamwaga yote. Akasimama wima. Kijana wa watu alikuwa amelelewa vizuri. Mama yake alikuwa amemfundisha tangu mdogo namna ya kumuaga mtu mzima, na hofu ilipomkaba, ulimi ukafuata njia unayoijua.

"Haya, mzee. Safari njema. Karibu tena."

Midomo ya Bibi ikasimama.

"Amecheka," Kindness akasema. Kisha, baada ya muda, "Anaondoka. Anashuka. Simsikii tena."

Bibi Margareta alimtazama Davis. "Umemkaribisha wapi?"

"Sijui, Bibi. Nimeteleza."

"Wewe si wa kihamba hiki. Huwezi kumkaribisha kwangu." Akaichukua kata mkononi mwake, akaiweka juu ya jiwe, akaipasua kwa kisigino. Hakuwapa hata mbege ya kuonja. Wakarudi Moshi, na Eunike akafuta kila kitu walichorekodi siku ile.

Davis aliendelea kuja darasani kwa siku chache, kisha akaacha. Eunike akamfuata mchana kwenye chumba alichopanga mjini. Kijana alifungua mlango taratibu, kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Alikuwa amekonda. Kulikuwa na kitanda, ndoo na kiti kimoja cha mbao. Eunike akakivuta kiti akae.

"Hapo hapana, madam," Davis akasema kwa sauti ya chini. "Kaa kitandani na mimi."

Eunike akakiachia kiti. Alimfungia nguo chache kwenye begi, akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye mkoba wake. Jioni ile ile akamfikisha kwa wazazi wake. Wazee wa usharika wakamwombea siku kadhaa. Akaanza kula, akaanza kulala, na muhula uliofuata akarudi chuoni. Ni mzima. Amepanga kwingine, na mtu akibisha hodi kwake hutoka nje kumsikiliza, wala hasemi karibu.

Vitu vyake vilivyobaki, Eunike ndiye aliyekwenda kuvichukua, Davis akiwa bado kwa wazazi wake. Ilikuwa saa sita mchana. Kufuli lilikuwa kama alivyoliacha, na dirisha la chumba kile lina nondo. Akakusanya vitabu, akakunja shuka.

Kiti kilikuwa kimegeuzwa kutazama mlango. Juu yake palikuwa na vumbi jeupe, lile la tambarare, na mwiba wa mgunga ambao ncha yake ilikuwa bado mbichi.

Eunike alipitisha kiganja kufuta lile vumbi. Mbao zilikuwa na joto.