Kompyuta Iliyofunguka Yenyewe

Kila Jumamosi Milembe, mwanafunzi wa darasa la sita, alimsaidia shangazi yake Benedikta katika duka la intaneti mjini Bariadi. Alifagia, akawasha kompyuta na kuwaelekeza wateja. Aliyempenda kuliko wote ni mama Nyanjige, mkulima wa pamba kutoka Sapiwi, aliyekuja kumwandikia barua pepe binti yake Lucy. Lucy alisomea uuguzi Mwanza.

Mama huyo alisahau neno lake la siri kila mara. Milembe akamhurumia. Bila kumuuliza mtu, aliiagiza kompyuta ihifadhi neno hilo, ili sanduku la barua lifunguke lenyewe. Alijiona mjanja kweli kweli!

Siku moja aliingia Ndaki, kaka yake Lucy. Alikaa kwenye kompyuta hiyo hiyo, akaandika haraka haraka, akatoka bila kuaga. Baadaye Milembe alipokwenda kuizima, alikuta sanduku la mama Nyanjige liko wazi. Barua ilikuwa imeshatumwa: "Lucy, nimezidiwa. Acha mitihani, njoo leo. Mama."

Asubuhi ile ile alikuwa amemwona mama Nyanjige sokoni, mzima kabisa. Na majirani wote walijua kwamba Ndaki alitaka Lucy aolewe, ili ng'ombe wa mahari ya dada yake awatumie kuoa. Milembe akisema, kosa lake litajulikana. Akinyamaza, Lucy atapoteza masomo.

"Shangazi," alisema, "nimeharibu."

Benedikta alisoma, akashika simu na kumpigia Lucy kwa namba aliyoachiwa na mama Nyanjige. Iliita, ikakatika. Akapiga tena.

"Mama Benedikta, niko stendi, ndani ya basi!" Lucy alilia. "Nimesoma barua chuoni. Linaondoka sasa hivi!"

"Shuka, mwanangu! Mama yako mzima. Barua kaandika Ndaki. Rudi kwenye mtihani!"

Kelele za stendi zilijaa simuni. Kisha Lucy akasema, "Nimeshuka."

Milembe alikimbia sokoni kumwita mama Nyanjige, akamweleza yote huku akilia.

"Huruma yako naijua, mwanangu," alisema yule mama. "Lakini pale Sapiwi, hata jirani ninayempenda hafungui lango la zizi langu bila kuniuliza. Nawe ungeniuliza. Siri ni yangu, uamuzi ni wangu."

Milembe alilifuta neno lililohifadhiwa, akamsaidia kuweka jipya. Safari hii aliuliza, "Kompyuta ilikumbuke, mama?"

"Isilikumbuke. Nitalikumbuka mwenyewe."

Milembe akageuza uso pembeni. Mama Nyanjige aliandika neno lake kwa kidole kimoja, polepole, kisha barua fupi kwa Lucy: "Mimi mzima. Soma."