Fidla Iliyotaka Kuvunja Harusi Yangu

"Umesema inaitwaje?" Auntie Pelagia aliuliza. Kikombe cha chai kilikuwa nusu njia kwenda mdomoni, kikasimama hapo hapo.

"Trollstilt, Auntie," Mogaka, mchumba wangu, akajibu, uso umemchangamka. "Ni namna ya kukaza nyuzi za fidla. Wanorwei wa zamani waliiita... tuseme, tyuni ya shetani."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakuelewa.

"Rudia."

"Tyuni ya shetani. Lakini ndiyo tamu kuliko zote! Kule Norwei bibi harusi huenda kanisani akitanguliwa na mpiga fidla. Sasa nilikuwa nafikiria Kanana akiingia..."

"Kezia, andika," Auntie akamkata.

Kezia, rafiki yangu na katibu wa kamati, akainua kalamu. "Niandike nini, Auntie?"

"Andika kwamba mtoto wa kaka yangu anataka kuoa kwa muziki wa shetani."

Hicho kilikuwa kikao cha tano cha kamati ya harusi yetu. Mwaka 2004, Carrollton, pembeni mwa jiji la Dallas, Texas, sebuleni kwa Auntie Pelagia, Jumapili baada ya ibada. Watu kumi na wanne, mandazi mezani, na zilikuwa zimebaki wiki tatu tuoane. Mimi ni nesi, naishi Pearland, nafanya kazi hospitali ya Houston. Kila Jumapili nilikuwa naendesha gari kwa saa nne kuja Dallas kusikiliza watu wakibishana kuhusu rangi ya vitambaa vya meza. Nikirudi, saa nne nyingine. Halafu leo shetani.

Nikamgeukia Mogaka nimsikie akijitetea. Unajua alisema nini?

"Sawa, Auntie. Basi tuachane nayo."

Sawa! Mtu huyu na sawa yake! Mchungaji akimwambia aimbe kwaya, sawa. Auntie akimwambia avae suti ya kijani kibichi, sawa. Mimi nikimwambia nimechoka na hizo kanda zake za wazee wa Norwei, sawa. Halafu anaenda kufanya lile alilotaka tangu mwanzo, kimya kimya. Miaka miwili nimempenda, na miaka miwili hiyo sijawahi kumsikia akitamka neno hapana.

Nilimfuata hadi kwenye gari.

"Mogaka, nani alikutuma utafsiri?"

"Troll si shetani hasa. Ni kama zimwi."

"Na neno zimwi ulikuwa hulijui?"

"Liliniponyoka."

"Haki ya Mungu, utaniua. Jumamosi utaenda kupimwa suti?"

"Nina kazi. Seva zinasumbua."

"Seva hizo zinasumbua kila Jumamosi tangu Januari?"

"Sawa, nitajaribu nifike."

Jumamosi saa nne asubuhi niko Pearland nafua, simu ikalia. Ujumbe wa Kezia:

"Dada, bwana harusi hajafika kupimwa. Wenzake wote wako hapa, fundi amenuna. Simu hapokei."

Nikampigia mara tatu. Mara ya nne ikapokelewa. Na mwanamke.

"Haloo, simu ya Mogaka," sauti ikasema kwa Kiingereza cha Texas, taratibu kabisa.

"Wewe ni nani?"

"Ingeborg, mpenzi. Hawezi kushika simu sasa hivi, mikono yote miwili iko kazini."

"Iko kazini wapi?"

"Hapa kwangu, Clifton. Wewe ndiye Kanana? Oo! Nasikia habari zako kila Jumamosi!"

Kila Jumamosi. Kila Jumamosi, jamani! Nikamwomba anielekeze kwake, naye akanielekeza kwa furaha zote, hadi ghala la nafaka ambapo napinda kushoto. Nikaziacha nguo ndani ya mashine na sabuni yake.

Clifton ni mji mdogo kusini mwa Dallas ambao Wanorwei walihamia tangu enzi za mababu zao. Karibu saa nne barabarani nilipanga maneno ya kumwambia huyo Ingeborg. Nilipogonga mlango, nikafunguliwa na bibi kizee wa miaka themanini na tatu, kakonda, nywele nyeupe pe, miguuni kavaa soksi za sufu wakati nje joto linachemsha. Badala yake nikajikuta namwamkia.

Ndani, meza ya chakula ilikuwa imejaa sahani za santuri za zamani, kanda, na kompyuta ya Mogaka yenye waya kila upande. Yeye mwenyewe alisimama katikati, fidla begani, jasho likimtoka.

"Kanana," akasema.

"Seva zimepona?"

Bibi Ingeborg akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Hukumwambia?" akamuuliza.

"Bado."

"Mogaka, Mogaka!" Akanivutia kiti, akanimiminia kahawa nyeusi. "Keti, mpenzi. Santuri hizi ni za baba yangu, Halvor Torvik. Alipiga kwenye redio Oslo mwaka 1938, kabla ya vita, kabla hatujaja Texas. Zinachakaa. Huyu ananihifadhia kwenye kompyuta. Mimi namfundisha kupiga."

"Tangu Januari?"

"Tangu Januari. Ni mgumu wa kufundishika, lakini hakosi." Akaishika fidla kwa vidole vilivyopinda. "Babu yangu naye alikuwa nayo. Wahubiri kule kwetu wakasema ni chombo cha shetani, wakaichoma uani. Baba akanunua nyingine, akaificha chini ya magunia ya viazi. Ndiyo hii."

"Pole sana, bibi," nikasema. "Baba yako alikuwa na sababu ya kuficha. Huyu hakuna aliyemchomea kitu. Huyu anaficha tu."

Bibi Ingeborg akacheka hadi akakohoa. "Anasema kweli," akamwambia Mogaka. "Nendeni nje mkagombane vizuri."

Tukatoka barazani.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ulisema ni kelele."

"Ni kelele! Inalia kama mlango unaotaka mafuta! Lakini ungeniambia, ningekuja nikae hapo ndani na gazeti langu na kahawa ya huyu bibi. Jumamosi ngapi nimekaa Pearland najiambia mchumba wangu maskini anafanya kazi kupita kiasi? Nilikuwa nakuombea, Mogaka! Nilikuwa naziombea hizo seva!"

Akakaa kwenye ngazi.

"Nilipokuwa chuoni Minnesota," akaanza, "mwaka wa tisini na tano, mwenzangu wa chumba, babu yake alitoka Norwei. Akaweka kanda. Fidla hii ina nyuzi nne juu, na nne nyingine chini ambazo hakuna anayezigusa. Unapiga za juu, za chini zinaitikia zenyewe. Zinavuma. Nikaanza kulia mbele ya watu, Kanana. Ulikuwa mvumo wa babu."

"Babu gani?"

"Babu yangu wa Kisii. Alikuwa mpiga obokano, kile kinubi chetu kikubwa kinachokaa chini sakafuni. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka mvumo tu, ukipanda kifuani. Halafu siku moja obokano haikuwepo, na babu hakuimba tena mpaka akafa."

"Ilienda wapi?"

"Sijui. Nilimuuliza Auntie Pelagia nikiwa mkubwa. Akaniambia ninyamaze."

"Ukamwambiaje?"

Akainamisha kichwa. "Nikamwambia sawa."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi, yote kwa wakati mmoja. Nikaikunja mikono.

"Sikiliza, Mogaka. Fidla ije harusini au isije, mimi hainiumizi. Kinachoniumiza ni kuolewa na mtu nisiyejua anataka nini. Leo umenificha santuri, kesho utanificha ugonjwa, kesho kutwa utanificha mtoto anaumia shuleni. Kesho kwenye kamati utasimama, useme unachotaka kwa mdomo wako. Mbele ya Auntie. Ukimwitikia sawa hata mara moja, harusi hakuna. Nitarudi Pearland na hutaniona."

"Kanana, Auntie ndiye aliyenilea."

"Najua. Ndiyo maana nimesema mbele yake."

Nikaingia ndani, nikamuaga bibi, nikaenda kulala kwa Kezia. Sikulala.

Jumapili kamati ilijaa. Mandazi yalikuwa yamekaushwa kupita kiasi, nakumbuka. Auntie Pelagia akafungua kwa sala, akauliza kuhusu keki, akauliza kuhusu magari. Mogaka akasimama.

"Nina neno."

"Kaa, baba. Yale tulimaliza wiki jana."

Nikashikilia mkoba wangu. Ufunguo wa gari ulikuwa tayari mkononi.

"Hapana, Auntie," Mogaka akasema.

Kezia akaangusha kalamu. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Ehee!" kwa sauti ya chini.

"Hapana?" Auntie akarudia.

"Hapana. Hatukumaliza. Neno la shetani nililikosea mimi, ni zimwi tu la hadithi za watoto wao. Nataka nimtangulie Kanana kanisani nikipiga fidla. Nimejifunza tangu Januari. Nilimdanganya yeye, nikawadanganya ninyi wote, na naomba msamaha." "Na nataka kuuliza tena. Auntie, obokano ya babu ilienda wapi?"

Auntie Pelagia akainuka, akaenda jikoni. Tukasikia maji ya bomba yakifunguliwa. Yakaendelea kutiririka. Watu wakaanza kukohoa na kutazama viatu vyao. Aliporudi, mikono ilikuwa inadondosha maji na hakuifuta.

"Niliichoma mimi," akasema.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa amebatizwa siku hiyo. Mhubiri akasema vitu vya giza vitoke nyumbani. Baba akaitoa uani mwenyewe, akarudi ndani, hakutaka kuona. Akaniita kupitia dirisha: Pelagia, lete kiberiti. Nikaleta. Nikawasha." Akakaa kwenye mkono wa kochi. "Nyuzi zilikatika moja moja, na kila moja ililia sauti yake. Nane. Nilizihesabu. Baba hakunilaumu, lakini jioni hakuniimbia tena. Mnafikiri nakataa fidla kwa sababu ya shetani? Nakataa kwa sababu nikisikia nyuzi zinalia, mimi nanusa moshi."

Mogaka akapiga magoti mbele yake. "Auntie, mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukumwambia huyu msichana?" Akaninyooshea kidole chenye maji. "Ukoo wetu ndio huo. Tunafunga mdomo tunasema ni heshima."

Nikaacha ufunguo uanguke mkobani.

"Hiyo yako ina nyuzi ngapi?" Auntie akamuuliza.

"Nane."

Akafumba macho. "Iko wapi?"

"Kwenye gari. Bibi anayenifundisha ameniazima."

"Lete."

Mogaka akaileta, akasimama karibu na televisheni, akapiga. Sitawadanganya, alipiga vibaya. Upinde ulikwaruza, watoto waliokuwa wakicheza nje wakaja kuchungulia dirishani. Lakini chini ya mikwaruzo ile kulikuwa na mvumo mzito, na kwa mara ya kwanza niliusikia. Niliusikia kifuani, si masikioni. Miaka miwili nilikuwa nimeziba masikio mahali pasipofaa kuzibwa.

Auntie Pelagia alikuwa analia waziwazi. "Hizo za chini, nani anazipiga?"

"Hakuna, Auntie. Zinaitikia zenyewe."

"Mchungaji nitaongea naye mimi," akasema, akapenga kamasi. "Na akikataa, atajua mimi ni nani. Kezia, andika."

Tulioana Jumamosi, tarehe kumi na tisa Juni. Bibi Ingeborg alikaa benchi la mbele kando ya Auntie Pelagia, kila mmoja akiongea lugha yake na wote wawili wakiafikiana. Suti ya Mogaka ilimbana mabegani, maana aliishia kununua iliyokuwepo dukani. Hilo nalo tulishagombania.

Tulisimama nje ya mlango wa kanisa, yeye mbele, mimi nyuma na shela langu. Ndani watu walishasimama. Mogaka akaweka fidla begani. Akaishusha. Akanigeukia.

"Kanana, naogopa. Ile sehemu ya tatu sijaijua. Nitakosea mbele ya watu wote."

Nilimtazama. Miaka miwili na ushee, na hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu huyu ameniambia jambo kabla halijaharibika. Macho yakanijaa, na wanja ulikuwa bado haujakauka.

"Kosea tu," nikamwambia. "Mimi niko nyuma yako."

Mlango ukafunguliwa. Akapiga, akakosea mara nne, na kila alipokosea aligeuka kunitazama. Nikamfuata mpaka mbele.